Kuiga Ndiko Kulikokuwa Shule

Historia ya uchoraji wa Tanzania husimuliwa kuanzia Dar es Salaam, lakini mizizi yake mingi iko kusini. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na Newala. Moto wa vita vya Maji Maji ulikuwa bado haujasahaulika. Misheni ya Waanglikana ya Masasi, iliyoanzishwa mwaka 1876, ilikuwa imeteketezwa. Weule aliwapa wapagazi na wenyeji karatasi na penseli, wakachora, na baadhi ya michoro hiyo ikatoka katika kitabu chake mwaka 1908. Penseli ilikuwa ngeni kwa wengi wao, lakini macho yalikwisha kuzoezwa na chale za usoni na vinyago vya jandoni.

Uwanda wa Makonde ulikuwa na namna yake ya kufundisha. Mwanagenzi huketi karibu na fundi, hupiga msasa, hushika tezo na patasi, kisha huchonga kile kile anachokiona kwa fundi. Mwana hutazama kisogo cha nina. Umbo likishamkaa mkononi, ndipo huthubutu kulipindua.

Desturi hiyo iliingia kwenye rangi kupitia Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, mama yake akiwa Mmakua. Alipitia mashamba ya mkonge ya Tanga na kazi za nyumbani Dar es Salaam, kisha mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi ya mafuta, ile ile ya kupaka baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi vya kama futi mbili kwa mbili. Alipaka usuli kwa rangi moja, akaacha ukauke. Akachora chui au ndege kwa mstari mmoja imara. Akajaza, akamalizia kwa madoa. Wanafunzi wake, akina Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu na Kasper Tedo, walijifunza kwa kuiga hatua hizo hizo. Mwaka 1972 polisi walimpiga Tingatinga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Mtindo haukufa, kwa kuwa ulikwisha kuhamia katika mikono mingine. Mwaka 1990 wafuasi wake wakaanzisha chama cha ushirika.

George Lilanga, mzaliwa wa wilaya ya Masasi mwaka 1934, alipitia njia ndefu zaidi. Alianza kwa kuchonga, akaajiriwa kuwa mlinzi wa Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii cha Dar es Salaam, kisha akayahamishia mashetani ya Kimakonde kwenye karatasi na hadibodi: masikio makubwa, matumbo yaliyofura, vidole vichache. Rangi ya mafuta aliikuta mjini, ila viumbe vile alitoka navyo kwao. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington.

Wanaowabeza wachoraji wa leo kwamba wanakopi tu hawajaitazama historia hii. Kuiga ndiko kulikowalea mabingwa. Uovu uko kwenye sahihi: picha bandia zenye jina la Tingatinga zimeuzwa, zikimnyang'anya bingwa jina na mchoraji halisi sifa yake. Anayeanza na aige picha moja mpaka ajue kwa nini mstari umepita pale ulipopita, kisha aandike chini jina lake mwenyewe.