Dhana na Kielelezo: Ibn Sina, Nightingale na Mtaala wa Wauguzi

Anayeandika mtaala wa uuguzi hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: maarifa yapangwe kwa kufuata nini? Vyuo vingi vimezoea kufuata wodi: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wazazi, afya ya akili. Kila ugonjwa hupewa nafasi yake, na chanzo, dalili, matibabu na huduma. Sayansi ikikua, kurasa huongezeka, ila miaka ya masomo ni ile ile. Mtaka yote hukosa yote.

Mwaka 2007, nchini Marekani, Jean Giddens na Debra Brady walichapisha makala iliyotaka elimu ya uuguzi iokolewe na mafuriko hayo ya maudhui. Walipendekeza mtaala wa dhana. Badala ya nimonia wiki hii na pumu mwezi ujao, mkufunzi anafundisha ubadilishanaji wa gesi kama wazo moja, kisha magonjwa machache yanachaguliwa kuwa vielelezo vyake. Kitabu alichokitoa Giddens baadaye kina dhana zaidi ya 50 katika makundi matatu: zinazomhusu mgonjwa mwenyewe, za afya na maradhi, na za taaluma.

Wazo hilo lina wahenga wake. Tabibu Ibn Sina alipokamilisha Qanun yake ya tiba, yapata mwaka 1025, aliigawa katika vitabu vitano. Cha kwanza kinahusu kanuni za jumla: maumbile ya mwili, sababu za maradhi, namna ya kutunza afya. Cha tatu kinapita kiungo kwa kiungo, kutoka kichwani hadi miguuni. Cha nne kinakusanya yasiyofungika kwenye kiungo kimoja, kama vile homa na sumu. Viwili vilivyobaki ni vya dawa. Mpangilio wa dhana na mpangilio wa viungo imekaa ndani ya kazi moja, na dhana ndiyo iliyotangulizwa.

Florence Nightingale alikwenda mbali zaidi. Kitabu chake kuhusu uuguzi, kilichotoka mwishoni mwa 1859, hakina sura za magonjwa hata kidogo. Kina sura za hewa safi, mwanga, kelele, chakula, kitanda, usafi na kumchunguza mgonjwa. Mwenyewe alitahadharisha kwamba hakuandika mwongozo wa kuwafunza wauguzi kazi. Hata hivyo alikuwa ameonyesha kwamba uuguzi unaweza kupangwa kwa kufuata mahitaji ya mgonjwa, jina la ugonjwa likasubiri.

Wote wawili walijenga juu ya dhana zenye kasoro. Kanuni za jumla za Ibn Sina zilitegemea maji manne ya mwili: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Nightingale aliamini kuwa hewa chafu huzaa ugonjwa, na kwa miaka mingi alisita kukubali nadharia ya maambukizi. Matokeo yao yalitofautiana. Dhana ya Nightingale, ingawa ilikosea sababu, ilimwelekeza kwenye kazi iliyofaa, kwa sababu uchafu na vimelea hukaa pamoja. Dhana ya maji manne iliwapeleka matabibu kwenye kumwumika mgonjwa karne baada ya karne. Hapo ndipo nguvu ya dhana inapogeuka kuwa hatari. Kosa kuhusu ini hubaki kwenye ini. Kosa la dhana husambaa mwili mzima.

Ni nini kilichoisahihisha Qanun? Kwa sehemu, ni undani. Mwaka 1242 tabibu Ibn al-Nafis, akifafanua anatomia ya Qanun, aliandika kwamba ukuta unaotenganisha upande wa kulia na wa kushoto wa moyo hauna matundu, kwa hiyo damu lazima ipitie mapafuni. Jambo moja mahususi lilipinga kanuni iliyokuwa imerithiwa tangu Galen, tabibu wa kale.

Kwa hiyo kazi ya kielelezo ni kubwa kuliko kuipamba dhana: kielelezo huihukumu. Chukua ubadilishanaji wa gesi. Mtaala wa Kimarekani huweza kutumia pumu na ugonjwa sugu wa mapafu. Mwanafunzi hujifunza kusikiliza kifua, kuhesabu pumzi na kusoma kipima oksijeni cha kidoleni. Mpeleke mwanafunzi huyo wodi ya watoto penye malaria nyingi. Mtoto anahema, himoglobini yake iko chini ya gramu 5 kwa desilita, na kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha asilimia 97. Kipimo hakijadanganya: himoglobini iliyopo imejaa oksijeni, ila ni kidogo mno kuutosheleza mwili. Aliyeijua dhana kupitia pumu pekee ataridhika na ile namba. Aliyefundishwa kwa mtoto huyu atatazama viganja na ndani ya kope, kisha ataulizia damu ya kuongeza.

Tanzania ilishika njia ya mtaala unaozingatia umahiri, katika ngazi zinazosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, ambamo stashahada ni ngazi ya 6. Umahiri huuliza mhitimu anaweza kufanya nini: kuweka mpira wa mkojo, kujaza patografu. Dhana huuliza atafikiri vipi akikutana na lisilokuwa kwenye orodha. Maswali haya hayagombani, na chuo kinachotaka kuyaunganisha hakina haja ya kuagiza orodha ya vielelezo kutoka ng'ambo. Kianze na rejista za wodi zake, kitazame ni maradhi gani yanawaleta watu na yapi yanawaua, ndipo kiulize ni dhana gani zinazoyashika mengi kwa pamoja. Na kila dhana iwekewe angalau kielelezo kimoja kinachoikaidi. Mwanafunzi asiyewahi kuona dhana yake ikishindwa ataipeleka kila wodi kama Ibn Sina alivyoyapeleka maji manne kila kiungo.