Kutoka Karakana ya Tanga hadi Mkondo wa Amali

Shule na karakana ni majirani wa siku nyingi Tanzania. Shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga, iliyoanza miaka ya 1890, ilifundisha useremala na upigaji chapa sambamba na kusoma na kuandika. Gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1904, lilichapwa hapo hapo shuleni. Lengo la mkoloni lilikuwa kupata makarani na mafundi wa kumtumikia. Waingereza nao wakaacha shule za ufundi Ifunda na Moshi, na chuo cha Dar es Salaam cha mwaka 1957 ambacho leo ni Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT).

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa sera ya Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe pia mahali pa uzalishaji. Wazo hilo nalienzi hadi leo. Lililoliponza ni kwamba jembe lilitengana na daftari. Mwanafunzi alipalilia mahindi asubuhi, mchana akakariri usanisinuru, na hakuna aliyemwonyesha kuwa somo ni lile lile. Pengine shamba liligeuzwa adhabu. Hapo sayansi ilipotea mikononi mwetu.

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1973, kilifanya vizuri zaidi: mafunzo ya viwandani yaliwekwa ndani ya masomo yenyewe. Viwanda navyo vilikuwepo, kama Urafiki cha nguo. Kisha ukaja mdororo wa uchumi na ubinafsishaji, vingi vikafungwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iliundwa mwaka 1994, waajiri wakiichangia kwa tozo.

Sasa tuna mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, katika sekondari, ulioanza mwaka 2024. Wengi wanalilia vifaa, na wana haki. Lakini karibu kila mji una gereji, mashine ya kusaga na karakana ya kuchomelea, ambako wanafunzi wanaweza kupelekwa kwa ziara za kujifunza. Puli ndogo ya mota ikiizungusha puli kubwa ya kinu kwa mkanda, mwanafunzi akapima vipenyo na kuhesabu mizunguko, uwiano na kasi havitamtoka kichwani.

Wizara ya Elimu izitengee ziara hizo saa katika ratiba na kuzipa alama katika tathmini. Nawe mkuu wa shule, usisubiri waraka: nenda kazungumze na fundi aliye jirani yako.