Vuta-sukuma na ufadhili wake

Vuta-sukuma ni mbinu ya kukinga mahindi na mtama dhidi ya bungua (viwavi wanaotoboa mashina) na magugu ya kiduha kwa kutumia mimea badala ya sumu. Ilibuniwa nchini Kenya katika miaka ya 1990 na kituo cha utafiti cha icipe pamoja na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza. Ni mfano mzuri wa ubunifu wa kilimo uliogharimiwa ukiwa bado wazo tu.

Namna inavyofanya kazi

Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwafukuza nondo wa bungua. Kuzunguka shamba hupandwa majani ya tembo (napia), ambayo huwavuta nondo hao wakatage huko. Viwavi wengi wanaoanguliwa hunaswa na utomvu wa shina wakafa. Mizizi ya desmodiamu nayo ina kazi yake: hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kiduha na wakati huohuo kuzizuia zisijishike kwenye mzizi wa mahindi, hivyo magugu hayo hufa njaa ardhini. Faida hii, ambayo kwa mkulima wa kando ya Ziwa Viktoria pengine ndiyo kubwa kuliko zote, haikutafutwa. Ilionekana kwa bahati katika majaribio ya huko Mbita, kando ya ziwa hilo.

Ufadhili

Icipe ilianzishwa Nairobi mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu wa Kenya. Kazi ya vuta-sukuma iliongozwa na Zeyaur Khan, mtaalamu wa wadudu kutoka India, na kwa upande wa Rothamsted mkemia John Pickett. Kuanzia mwaka 1994 fedha zilitoka Gatsby, wakfu wa Uingereza ulioanzishwa na David Sainsbury. Wakati huo kilichokuwapo mkononi ni mamia ya aina za nyasi zilizosubiri kuchunguzwa moja baada ya nyingine.

Benki haikopeshi kazi ya namna hiyo, na kampuni ya viuatilifu haina sababu ya kuigusa. Desmodiamu na majani ya tembo hupandwa mara moja vikadumu kwa miaka, na mkulima aweza kumkatia jirani vipando bure. Muuzaji hana cha kumuuzia mteja huyo msimu ujao. Ndiyo maana uvumilivu wa wafadhili ulikuwa na uzito kuliko ukubwa wa mifuko yao. Wakfu wa Rockefeller ulichangia uchunguzi wa jinsi desmodiamu inavyoua kiduha, na baadaye Umoja wa Ulaya uligharimia mbinu ya maeneo makavu, inayotumia nyasi za brakiaria.

Usambazaji

Mbinu ilienezwa na wakulima walimu, mashamba darasa, na hata mchezo wa redio Tembea na Majira. Wafugaji waliipokea kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa desmodiamu na majani ya tembo yote ni malisho. Shirika la Heifer lilishirikiana na mradi katika ugawaji wa ng'ombe wa maziwa. Mbinu hiyo ilifika pia Uganda, Tanzania na Ethiopia.

Hali ya sasa

Viwavijeshi vamizi walionekana Afrika mwaka 2016. Utafiti wa icipe uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mashamba ya vuta-sukuma hushambuliwa nao kidogo kuliko ya mahindi matupu. Mbegu za desmodiamu bado ni ghali na adimu, hivyo wakulima wengine huanza na vipando vya jirani.