Spirulina, Chakula cha Kale cha Maji ya Magadi

Kiangazi kikikaza kwetu Katangi, Yatta, maji ya silanga (bwawa) hupungua na utando wa kijani ukatanda juu. Hakuna anayeuwazia kuwa chakula, na ni sawa kabisa. Lakini uko ukijani mwingine, jamaa wa huo, ambao umelisha watu kwa karne nyingi, na unaota kwa wingi katika Bonde letu la Ufa.

Ni spirulina: kiumbe kidogo mno, chenye umbo la springi, kinachostawi penye jua kali na maji ya magadi. Wahispania walipoingia Mexico karne ya 16 waliikuta ikiuzwa sokoni, imekaushwa kama vipande vya mkate.

Barani kwetu, wenye elimu ya kuivuna ni wanawake wa Kikanembu wa Ziwa Chad. Huiteka kwa vyombo, wakaimimina kwenye vishimo vya mchanga. Mchanga hunywa maji, jua likamalizia kazi, na kinachobaki ni andazi bapa la kijani kibichi linalokatwa vipande na kupelekwa sokoni. Jikoni hupondwa, likatiwa kwenye mchuzi wa nyanya, pilipili, bamia au samaki, ukaliwa na ugali wa uwele. Mfaransa Pierre Dangeard aliandika habari za chakula hicho mwaka 1940. Miaka ya 1960 Mbelgiji Jean Léonard, mtaalamu wa mimea, akakikuta tena katika masoko ya Chad, na ndipo maabara za Ulaya zikakichangamkia. Sifa, kwa maoni yangu, ni za akina mama wale.

Hapa Kenya, maziwa ya Nakuru, Bogoria na Elmenteita tumewaachia heroe (flamingo). Ndege hao huichuja spirulina kwa midomo, na wekundu wa manyoya yao hutokana na chakula hicho.

Faida zake ni za kweli. Takriban asilimia 60 ya uzito wake mkavu ni protini, tena ina madini ya chuma na kiini cha vitamini A. Ila hesabu isisahauliwe: gramu 10 hutoa protini ya yai moja tu. Na vitamini B12 inayotangazwa sana, sehemu yake kubwa mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Kwa hiyo spirulina ni nyongeza kwenye uji wa mtoto. Ndengu, kunde na mbaazi za Yatta zibaki palepale kwenye sufuria.

Jua la kuikuza Katangi tunalo. Kinachotakiwa ni tangi safi, maji yaliyopimwa na mbegu halisi. Usithubutu kuteka ule utando wa silanga: baadhi ya aina zake zina sumu inayoharibu ini, na kuchemsha hakuiondoi. Ukinunua unga wa spirulina, tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na jina la mkulima kwenye pakiti, usipoviona, urudishe.