Ganzi, Dawa ya Utulivu na Nusukaputi katika Tiba ya Meno

Hofu ya koleo huwafanya baadhi ya wagonjwa kuahirisha kung'oa jino hadi usaha usambae shingoni, hali inayoweza kuziba njia ya hewa. Ganzi ya lidokaini huzuia maumivu, hofu haiiondoi. Kwa hofu kubwa, daktari anaweza kutumia gesi ya naitrasi oksidi, ambayo athari yake huisha dakika chache baada ya kuzimwa, au kidonge cha diazepamu, ambacho usingizi wake hudumu saa nyingi. Mkazi wa Pangani au Mkinga asirudi nyumbani bila msindikizaji, wala asiendeshe pikipiki. Nusukaputi huhitaji chumba cha upasuaji na mtaalamu wa usingizi, hivyo mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa kama Bombo, Tanga. Kabla yake, asile kwa saa 6. Maji matupu, saa 2.