Mtoto wa Bushi katika Miezi ya Kutambaa

Mtu atokaye Bukavu akashika njia ya kaskazini, Ziwa Kivu likiwa kuumeni kwake na vilima vya Kabare kushotoni, hufika baada ya takriban kilomita 45 mahali paitwapo Lwiro, chini ya milima ya Kahuzi, ambapo Wabelgiji, katika zama ambazo Bukavu yenyewe ilikuwa ikiitwa Costermansville, walijenga majumba ya fahari kwa ajili ya taasisi ya uchunguzi wa elimu iliyoundwa mwaka 1947 na kufahamika kwa herufi zake, IRSAC. Wataalamu waliokuja kukaa humo walichunguza mitetemeko ya ardhi, samaki wa ziwani na wanyama wa msituni, na bila shaka kila mmoja aliiona fani yake kuwa ndiyo bora. Walakini, kwa rai yangu, elimu yenye manufaa kupita zote iliyotoka Lwiro ilitoka katika vitanda vya hospitali yake, walimolazwa watoto wa Bushi, nchi ya Washi, waliokuwa wameshindwa kukua.

Watoto hao aghalabu hawakuwa wa siku chache wala wa miezi miwili mitatu. Shida ilianza baadaye, katika umri ambao mtoto hukaa pasi na kushikwa, akatambaa, akaota meno, akasimama dede na hatimaye akatamka neno lake la kwanza. Maana huo ndio wakati ambao akiba ya madini ya chuma aliyotoka nayo tumboni imekwisha, ubongo wake ungali unakua kwa kasi, viungo vyake havitulii mchana kutwa, na maziwa ya mama, ijapokuwa bado ni ya lazima, hayamtoshi tena peke yake. Jirani amwonaye mtoto huyo akikimbilia kila kitu kwa magoti humdhani kuwa amekwisha kuvuka hatari, kumbe ndipo anapoingia.

Wazee wa Bushi walikuwa na hadhari zao juu ya umri huo kabla ya mizani kufika. Mtoto alinyonya hata miaka 2 na kupita, alibebwa mgongoni shambani na sokoni, akalala ubavuni mwa mama yake na kulipata titi kila alipolitaka, usiku kama mchana. Naye alionjeshwa kidogo kidogo uji wa mtama, ndizi zilizopondwa na maharage. Pwani ya Waswahili nayo haikuwa mbali na hayo: sheria ya dini iliweka miaka 2 kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha, na wazazi walionywa wasije wakambemenda mtoto kwa kukaribiana kabla hajalikizwa. Sisemi kwamba desturi hizo zilikuwa timilifu. Maziwa ya ng'ombe, ambayo yangalimfaa sana mtoto aliyekwisha kuota meno, hayakupatikana sawasawa katika Bushi, kwa kuwa ng'ombe wengi walikuwa katika mikono ya mwami, mtawala wao wa jadi, na wakubwa wake, na fukara alionja maziwa kwa hisani. Lakini mpango wenyewe, wa kuchelewesha mimba ya pili ili wa kwanza apate wasaa wa kujijenga, ulikuwa na hikima ambayo watawala wa Kibelgiji hawakuitambua.

Kwa hakika waliipiga vita. Wakubwa wa Kongo ya Kibelgiji, hususan katika miaka ya 1920, walishikwa na hofu kwamba idadi ya watu inapungua na kwamba migodi na mashamba yatakosa vibarua, na baadhi yao wakamtia hatiani mama anyonyeshaye muda mrefu na kujitenga na mumewe. Jumuiya ya kuwahifadhi watoto weusi, iliyoundwa mwaka 1912, ilikwisha kuanza kueneza zahanati za kupima watoto na kugawa maziwa; na katika makambi ya migodi ya Katanga chakula cha watoto kiligawiwa kwa nia, pamoja na nia nyingine njema, ya kuwafanya mama waachishe mapema na kuzaa tena upesi. Katika Kivu, fauka ya hayo, ardhi nzuri ya Bushi ilitwaliwa kwa mashamba ya kahawa, chai na kwinini, wanaume wakaenda kufanya kazi ya ujira, na mwanamke akabaki na kipande chembamba cha mteremko, akilima muhogo pale ambapo zamani paliota maharage.

Hapo ndipo Bukavu na viunga vyake vilipopata sifa mbaya kwa maradhi ambayo Washi huyaita bwaki: miguu na uso huvimba, nywele hugeuka rangi na kung'oka kwa urahisi, ngozi huchubuka, na mtoto aliyekuwa akitambaa hukaa mahali pamoja kwa huzuni, hataki kucheza wala kula. Daktari Cicely Williams alikuwa ameyaeleza maradhi hayo mwaka 1933 kutoka Gold Coast, na miaka 2 baadaye akayatangaza kwa jina la kienyeji la huko, kwashiorkor. Brock na Autret, waliotumwa na mashirika ya dunia ya afya na ya chakula, wakatoa taarifa yao juu ya Afrika mwaka 1952, na kwa muda wa miaka 20 hivi ikawa kama kanuni kwamba kinachokosekana ni protini, na dawa yake ni maziwa ya unga. Kanuni hiyo ilikuja kushambuliwa vikali mwaka 1974 na mtaalamu wa lishe Donald McLaren, aliyeona kwamba watu walikuwa wameikuza protini mno na kulisahau tumbo tupu.

Wakati huohuo, katika Kampala, watafiti wengine waliangalia mtoto huyohuyo kwa jicho la pili. Marcelle Geber alishangazwa na wepesi wa watoto wa Uganda kukaa na kusimama, na Mary Ainsworth, aliyezitembelea nyumba za Waganda katika 1954 na 1955, aliona jinsi mtoto anayetambaa amwachavyo mama yake ili aende kupeleleza ulimwengu, kisha humrudia, akaenda tena, akarudi. Laiti waganga wa mwili na wachunguzi wa nafsi wangalikaa pamoja mapema zaidi, maana ule ukimya wa mtoto wa bwaki, ambaye haendi popote wala hamrudii mtu, ulikuwa ni alama ya maradhi sawa na uvimbe wa miguu.

Katika Lwiro, tangu miaka ya 1960, madaktari wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels, Henri Vis akiwa miongoni mwao, walitoka hospitalini wakaenda majumbani kwa Washi na jirani zao Wahavu, wakapima kilicho chunguni na kilicho shambani. Wenzao walipima damu za mama wanyonyeshao, na mwaka 1977 ikachapishwa habari ambayo kila bibi wa Bushi angaliwaambia bila sindano: mama anyonyeshaye zaidi ya mara 6 kwa siku, ile homoni ya maziwa hudumu juu mwilini mwake kupita mwaka, na mimba hukawia. Hivyo ile desturi iliyolaumiwa kwa kuwanyima wakubwa vibarua ikathibitishwa na vyombo vya maabara.

Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kilitoa funzo chungu zaidi. Huko madini ya joto yalikuwa haba kisiwani kote, lakini rovu ilienea upande wa kaskazini kupita kusini-magharibi, na uchunguzi wa madaktari Delange na Ermans ukaushuku muhogo, ambao usipoandaliwa barabara huizuia tezi ya shingoni kutumia hata kile kidogo kilichopo. Baadhi ya watoto walizaliwa na kasoro isiyotibika: walichelewa kukaa, walichelewa kwenda, na wengine hawakusema kamwe.

Wenyeji hawakukaa kimya. Katika miaka ya 1960 iliundwa mjini Bukavu Kamati ya Kupambana na Bwaki, ambayo kwa kuona kwamba maradhi hayo yana mizizi shambani iliishia kushughulika na kilimo na maendeleo ya vijiji. Na sambaza, dagaa waliopandikizwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao ziwa halikuwajua kabla, wakawa kitoweo cha fukara katika masoko ya Kadutu na Nyawera, wakikaushwa na kusagwa hata kutiwa katika uji wa mtoto. Kisha vikaja vita vya 1996 na vilivyofuata, mashamba yakakimbiwa, na vitanda vya Lwiro vikaendelea kuwa na kazi.

Miaka ya karibuni watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji waliwatafuta watu wazima waliowahi kutibiwa Lwiro wakiwa wadogo, kati ya 1988 na 2007, wakawalinganisha na majirani zao ambao hawakupata kuugua hivyo. Waliotibiwa walikuwa wafupi zaidi kwa kimo, walikuwa wamesoma kidogo zaidi, na katika majaribio ya akili walikuwa nyuma. Hospitali iliwaokoa na mauti, na hilo si dogo. Ila ile miezi ya kutambaa iliyopotea haikuwemo katika vitu ambavyo daktari angaliweza kuwarudishia.