Corona: kwa nini watoto waliolazwa hospitali Afrika walikufa zaidi kuliko Ulaya

Tangu Corona ilipotangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa tatu 2020, ilisemwa mara nyingi kwamba huu ni ugonjwa wa wazee. Ni kweli, watoto wengi walioambukizwa hawakuumwa sana. Lakini kwa wale waliofika kulazwa hospitali, mahali mtoto alipoishi palileta tofauti kubwa.

Hesabu zinaonyesha nini?

Utafiti uliotangazwa mwezi wa kwanza 2022, ukiongozwa na Profesa Jean Nachega, ulifuata watoto na vijana 469 waliolazwa na Corona kwa mwaka 2020 katika hospitali 25 za nchi sita: Kongo, Uganda, Kenya, Nigeria, Ghana na Afrika Kusini. Walikufa 39, ni kusema karibu 8 kwa kila 100. Kati ya 69 waliohitaji chumba cha wagonjwa mahututi, walikufa 22, karibu mmoja kwa kila watatu.

Uingereza, utafiti mwingine wa mwaka huo ulifuata watoto 651 waliolazwa. Walikufa sita, karibu mmoja kwa kila 100.

Angalisho: hesabu hizi ni za waliolazwa tu. Haina maana kwamba watoto 8 kwa kila 100 walioambukizwa Afrika walikufa. Tena, kati ya hao 469, watoto wa Kongo walikuwa 39 tu, kwa hiyo hesabu hiyo haiwezi kuchukuliwa kuwa ya Kivu ya Kusini.

Nani alikuwa kwenye hatari zaidi?

Ni watoto wachanga wasiofikisha mwaka mmoja. Wengine ni wale waliokuwa tayari na ugonjwa mwingine, zaidi sana shinikizo la damu, ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, saratani au magonjwa ya damu.

Kwa nini tofauti hiyo?

Kirusi ni kile kile. Kinachobadilika ni njia ya mtoto kufika kwa daktari, na kile anachokuta akifika.

Kwanza ni kuchelewa. Mzazi anajaribu dawa nyumbani, anatafuta pesa, halafu ndipo anatoka. Kwa mtu wa Idjwi kuna ziwa la kuvuka. Kwa mtu wa Shabunda barabara ni mbaya sana na wengi wanategemea ndege. Kwa hiyo wanaolazwa ni wale ambao hali yao imekwisha kuwa mbaya.

Pili ni oksijeni. Mashine ya kutengeneza oksijeni inahitaji umeme, na Bukavu yenyewe umeme unakatika mara kwa mara. Bila jenereta na mafuta yake, mashine inabaki chuma tu.

Tatu ni magonjwa yanayokutana ndani ya mwili mmoja: malaria, utapiamlo, na ule ugonjwa wa damu ambao wengi wanauita SS.

Nne ni vipimo. Mwezi wa sita 2020 Daktari Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi alijiuzulu kwenye tume ya jimbo ya kupambana na Corona. Kati ya sababu alizotaja ni kuchelewa kwa majibu ya vipimo vilivyotumwa Kinshasa. Mgonjwa asiyepimwa haingii kwenye hesabu: akipona hahesabiwi, akikufa hahesabiwi.

Surua iliua zaidi

Wakati dunia nzima ikiangalia Corona, Kongo ilikuwa inatoka kwenye mlipuko mkubwa wa surua. Tangu mwanzo wa 2019 hadi mwezi wa kwanza 2020, Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa karibu 310,000 na vifo zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wenye chini ya miaka mitano. Corona, kwa watu wa umri wote nchini, vifo vilivyotangazwa havikufika 1,500. Surua ina chanjo ya siku nyingi. Ndiyo maana mama aliyeacha kupeleka mtoto kwenye chanjo kwa kuogopa Corona alimkinga na hatari ndogo na kumwacha kwenye hatari kubwa.

Dalili za kutongoja

Iwe Corona, surua au malaria, mtoto apelekwe kituo cha afya siku ile ile akiwa na moja ya dalili hizi:

- anapumua mbio, au kifua kinaingia ndani akivuta pumzi;
- anashindwa kunyonya au kunywa;
- anatapika kila kitu;
- amepata degedege;
- amelegea, au ni vigumu kumwamsha.

Kituo kikiandika barua ya kumtuma hospitali kuu, safari isingoje kesho. Wanaoishi mbali wapange mapema mtu wa pikipiki au mwenye mtumbwi wa kumwita usiku.